Mtoto Asiyetulia (3): Kutoka Mkekani Hadi Dawatini

Juma lililopita tulieleza kwa nini mwili wa mtoto wa miaka minne au mitano haukuumbwa kukaa kimya saa nzima. Leo tuingie darasani, tena darasa la huku kwetu Likoni, Kisauni na Changamwe. Mwalimu anayemweza mtoto asiyetulia si mgeni hapa Mombasa. Tunaye tangu zamani, ila tumezoea kumpoteza njiani.

Mwanzoni mwa miaka ya 1980, viongozi wa Kiislamu wa Pwani walilalamika kwamba watoto wao wanaachwa nyuma shuleni, wakaomba msaada kwa Aga Khan. Kufikia 1986, chekechea za madrasa zikawa zimeanza Mombasa, na aliyezisimamia ni mwalimu mmoja aitwaye Bi Swafiya Said. Mpango ukavuka hadi Zanzibar mwaka 1990 na Uganda mwaka 1993. Watu wengi huusifu kwa kuchanganya dini na masomo ya shule. Mimi nausifu zaidi kwa kubadili kazi ya mwalimu. Mbinu yenyewe, HighScope, asili yake ni Michigan, Marekani, lakini vifaa vikawa vya hapahapa: makombe, vifuu vya nazi, vizibo vya soda, mchanga. Chumba hugawanywa pembe kadhaa. Mtoto huchagua pembe, husema atafanya nini, hukifanya, kisha huwasimulia wenzake. Mwalimu hutazama, huuliza na huandika.

Huko kuandika ndiko kwenye mambo. Tuseme yuko mtoto Mtongwe ambaye pembe ya vitabu humshinda kwa dakika mbili tu, akamsukuma mwenzake, akapanda dirishani. Mwalimu mwenye haraka ataandika neno moja, mtukutu, afunge daftari. Mwalimu aliyefunzwa kutazama ataandika hivi: leo alikaa na vifuu mpaka wakati wa uji, akavipanga kuanzia kidogo hadi kikubwa, akahesabu hadi tisa bila kukosea; nilipomwita kwa nyuma hakuitika.

Hayo ya mwisho yana uzito kuliko yote. Sikio linalotoka usaha, maradhi ya kawaida kwa watoto wadogo, hupunguza usikivu, na asiyesikia vizuri huzunguka darasani akitafuta kwa macho yale aliyoyakosa kwa masikio. Huyo apelekwe zahanati. Wapo pia ambao masikio yao ni mazima na bado hawatulii, na kati yao wapo wenye hali ambayo madaktari huiita ADHD. Hata hivyo daktari makini hamwiti mtoto hivyo kwa kumwona siku moja. Dalili lazima zionekane mahali pawili au zaidi, kama nyumbani na shuleni, zidumu angalau miezi sita, na ziwe zimeanza kabla ya miaka 12. Habari za shuleni atazipata wapi, kama hakuna aliyeziandika?

Daftari hilo hilo humsaidia mwalimu mlangoni. Mama anapokuja na kusema, "Bi Mwalimu, huyu kanishinda, mtandike tu," mwalimu angeweza kumsomea Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013, inayokataza fimbo. Ni afadhali amwambie, "Hebu ingia, mama, uone alivyovipanga vifuu vyake." Nimesikia akina mama wakinyamaza hapo, halafu wakaanza kueleza mtoto anavyolala usiku.

Mambo huharibika mtoto anapoingia Gredi ya Kwanza. Katiba ya 2010 iliipa kaunti elimu ya chekechea, shule ya msingi ikabaki kwa serikali kuu. Kwa hiyo mwalimu wa PP2, mwaka wa mwisho wa chekechea, katika shule ya umma huajiriwa na kaunti, na mwenzake wa Gredi ya Kwanza huajiriwa na TSC, tume ya taifa ya walimu, hata kama wanafundisha ndani ya ua mmoja. Daftari halivuki. Tangu elimu ya bure ya 2003, madarasa mengi ya mwanzo yamefurika, na mwalimu mpya hana nafasi ya kumjua kila mmoja kwa kumtazama. Mtaala wa umilisi, ulioanza rasmi katika gredi za chini mwaka 2019, unamtaka apime kile mtoto anachoweza kufanya. Ni agizo zuri, lakini yule aliyekwisha kukiona yuko chumba cha pili na hakuna anayemuuliza.

Tuna pia vituo vya EARC, vilivyoanzishwa nchini mwaka 1984 ili kuwapima watoto wenye mahitaji maalumu na kuwashauri wazazi. Kwenda huko na maelezo ya mwaka mzima si sawa na kwenda na malalamiko. Kwa hiyo mzazi wa PP2, mwaka ukikaribia kwisha, mwombe mwalimu kurasa za mwanao uzipige picha kwa simu, kisha muhula ukifunguliwa umwonyeshe mwalimu mpya wewe mwenyewe. Usiziache ofisini.

Juma lijalo: mtoto anayesoma silabi za Kiswahili vizuri na kukwama kabisa kwenye Kiingereza.