Rufaa Bila Nakala ya Kesi

Kwa Katiba ya Tanzania, haki za mshtakiwa haziishii pale hakimu anapotamka kifungo. Ibara ya 13(6)(a) inampa pia haki ya kukata rufaa au kutafuta nafuu nyingine ya kisheria. Aliyehukumiwa na mahakama ya wilaya hutoa taarifa ya kusudio la rufaa ndani ya siku 10, kisha hupeleka sababu zake Mahakama Kuu ndani ya siku 45; aliye gerezani hupitishia kwa mkuu wa gereza. Utaratibu huo ni mzuri, lakini naamini uzima wake unategemea vitu viwili: nakala ya mwenendo wa kesi na msaada wa mtu anayejua sheria. Mrufani atasemaje kwamba shahidi wa tatu alijipinga, ikiwa hana maneno ya shahidi huyo yalivyoandikwa? Siku za kusubiri nakala hazihesabiwi katika zile 45, ni kweli, ila anayesubiri anazitumikia zote kifungoni. Na rufaa ya kwanza ndiyo nzito, maana Mahakama Kuu hupima upya ushahidi wote. Akishindwa hapo, Mahakama ya Rufani kwa kawaida husikiliza hoja za kisheria tu.

Wapo wanaosema rufaa ni mbinu ya wahalifu kuchelewesha haki, na kwamba fedha za umma zisiwalipie mawakili. Uchungu wa aliyeibiwa au kujeruhiwa ni wa kweli. Lakini mfungwa hafaidiki na ucheleweshaji: asipopewa dhamana, anasubiri akiwa ndani. Tena Serikali nayo hukata rufaa mshtakiwa akiachiwa, ikiwa na mawakili wanaolipwa na umma huohuo. Mwaka 2015 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyoko Arusha, iliamua kwamba Tanzania ilikiuka haki za mfungwa wa miaka 30 kwa wizi wa kutumia silaha, ambaye hakupewa wakili. Miaka miwili baadaye ikaja Sheria ya Msaada wa Kisheria, hatua ya kupongezwa, ingawa haitamfaa asiyejua kwamba ipo.

Kwa hiyo, mwenye ndugu aliyehukumiwa leo asingoje: ahakikishe kusudio la rufaa limetolewa ndani ya siku 10, aombe kwa maandishi nakala ya hukumu na ya mwenendo wa kesi, na aulizie msaada wa kisheria mapema.