Kerneli ya Kujitengenezea Inamfaa Nani?

Kerneli ndiyo sehemu ya mfumo endeshi inayosimamia prosesa, kumbukumbu na vifaa vyote vya kompyuta. Programu nyingine yoyote ikitaka kusoma faili au kutuma kitu kwenye mtandao, lazima ipitie kwake. Kerneli ya Linux, aliyoianza Linus Torvalds mwaka 1991 akiwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki nchini Finland, ilikuwa na mistari kama 10,000 ya msimbo. Leo imepita milioni 30, na sehemu kubwa yake ni viendeshi vya vifaa. Msimbo huo uko wazi, kwa hiyo mtu yeyote anaweza kuupakua, kuchagua anayoyataka katika orodha yenye maelfu ya vipengele, kisha kuukompaili, yaani kuugeuza kuwa programu ambayo mashine inaweza kuiendesha. Wengi wetu hatufanyi hivyo. Tunatumia kerneli iliyotayarishwa na wasambazaji wa Linux kama Debian, Ubuntu au Fedora, na kwa maoni yangu tunafanya sawasawa. Si kwamba kukompaili ni kugumu mno, la. Mzigo wenyewe huanza baada ya kazi hiyo kwisha.

Wanaoshikilia kwamba kerneli ya kujitengenezea ni nyepesi na yenye kasi zaidi wana historia upande wao. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 kompyuta nyingi za nyumbani zilikuwa na kumbukumbu ya megabaiti 4 au 8, na kila kiendeshi kilichojengwa ndani ya kerneli kilimega sehemu ya hizo chache. Kuondoa usichokihitaji kulikuwa busara tupu. Kisha zikaja moduli, yaani vipande vya kerneli vinavyokaa kwenye diski na kupakiwa pale tu kifaa husika kinapoonekana. Debian hukuletea maelfu ya moduli, lakini kompyuta yako huita zile chache inazozihitaji. Zilizobaki zinakula nafasi ya diski, basi. Ukizifuta leo, huenda usiione tofauti ya kasi hata ukiitafuta.

Hoja nzito zaidi ni ya usalama: msimbo usiokuwamo hauwezi kushambuliwa. Ni kweli, na wanaolinda seva nyeti hulizingatia hilo. Lakini tazama matundu ya usalama yaliyotikisa watu. Dirty COW, lililotangazwa mwaka 2016 baada ya kujificha tangu 2007, lilikuwa katika usimamizi wa kumbukumbu. Dirty Pipe la mwaka 2022, lililomwezesha mtumiaji wa kawaida kubadilisha yaliyomo katika faili aliloruhusiwa kulisoma tu, lilikuwa katika njia ambayo programu hupitishiana data. Hayo si mambo ambayo mtu huyaondoa kwa kupunguza viendeshi. Kilichohitajika ni marekebisho, tena upesi. Aliyetumia kerneli ya kupewa aliyapata kwa amri moja ya kusasisha. Aliyejitengenezea ilimpasa kwanza ajue kuna tundu, apakue msimbo mpya, apitie usanidi wake, akompaili na kusakinisha. Na afanye vivyo hivyo kila tundu jipya linapotangazwa, awe na nafasi au asiwe nayo. Zaidi ya hayo, kompyuta nyingi za sasa hukagua sahihi ya kidijitali ya kerneli zinapowaka. Ya kupewa huja imeshasainiwa. Ya kwako utaisaini mwenyewe, au uzime ukaguzi na kupoteza kinga hiyo.

Wapo wasio na budi kukompaili: watengenezaji wa simu na ruta, na waandishi wa kerneli yenyewe. Mwanafunzi naye anayetaka kujua mambo ya ndani hatapata darasa zuri kuliko hili, ila aifanye kazi hiyo kwenye kompyuta pepe, au aiache kerneli ya zamani kwenye menyu ya kuwashia. Mwenye kifaa kipya kisichotambuliwa aangalie kwanza kama wasambazaji wa Linux anayoitumia wanatoa kerneli mpya zaidi. Mara nyingi wanayo.

Wewe unayetumia ya kupewa, usisahau jambo moja: kwa kawaida kerneli mpya ikishasakinishwa haianzi kazi mpaka uwashe kompyuta upya. Andika amri uname -r kwenye terminali uone ni toleo gani linaloendesha mashine yako sasa hivi, na kama ni la zamani kuliko lililosakinishwa, iwashe upya leo.