Gumegume za Wabash

Alfajiri ya Novemba 4, 1791, kando ya mto Wabash, mahali ambapo leo ni jimbo la Ohio, wapiganaji wa makabila ya Miami, Shawnee na Delaware wakiongozwa na Little Turtle na Blue Jacket waliivamia kambi ya Jenerali Arthur St. Clair. Asubuhi hiyohiyo askari zaidi ya 600 wa taifa changa la Marekani waliuawa. Wenyeji wa nchi ile hawakuwahi kulipiga jeshi la Marekani kipigo kikubwa kuliko hicho.

Tumezoea kuambiwa kwamba mzungu alishinda kwa bunduki. Pale Wabash bunduki zilikuwa pande zote mbili, na zote gumegume; wenyeji walizipata kwa Waingereza.

Gumegume inataka mikono iliyotulia. Askari anang'ata karatasi yenye fungu la baruti, anatia kidogo kwenye kisahani kilicho ubavuni mwa bunduki, iliyobaki anaimimina mdomoni mwa mtutu, anatumbukiza risasi, anaishindilia kwa mdeki, ndipo analenga. Jiwe likigonga chuma, cheche zinaruka na baruti inashika moto. Aliyefunzwa hufyatua mara tatu kwa dakika. Asiyefunzwa, mwenzake akianguka kando yake, husahau hata kuuchomoa mdeki. Baruti ikilowa, bunduki inabaki rungu.

Wengi wa askari wa St. Clair walikuwa watu wa kuokotezwa, wenye njaa na mishahara duni. Mizinga yao ilipiga juu ya vichwa vya adui, na waliokuwa wakiihudumia wakaangushwa kwa risasi zilizotoka nyuma ya miti.

Rais George Washington akamkabidhi kazi Anthony Wayne, naye tangu 1792 akawafundisha watu wake shabaha na singe bila kuchoka. Agosti 20, 1794, huko Fallen Timbers, katikati ya miti iliyong'olewa na tufani, waliwafurusha wapiganaji kwa singe kabla hawajapata nafasi ya kushindilia tena. Mwaka uliofuata kiwanda cha serikali cha Springfield kilitoa bunduki zake za kwanza, 245 tu, kwa kuiga za Kifaransa.

Linaloniuma mimi ni lango. Walioshindwa Fallen Timbers walikimbilia Fort Miamis, ngome ya Waingereza waliokuwa wakiwapa silaha na ahadi, wakakuta limefungwa. Agosti 1795, kwa mkataba wa Greenville, waliachia sehemu kubwa ya Ohio. Little Turtle, mshindi wa Wabash, alikuwa miongoni mwa waliotia sahihi.