Je, Wajua? Vijiji Vinavyoishi kwa Machozi ya Mti

Je, wajua kwamba wapo watu wa kisiwani walioipa bahari kisogo kwa makusudi? Kusini mwa Chios, kisiwa cha Ugiriki kilicho jirani kabisa na pwani ya Uturuki, kijiji cha Mesta kimejificha bondeni, kilomita chache tu kutoka kwenye bandari yake ndogo. Waliokijenga walitaka maharamia wapite bila kukiona. Nyumba za pembezoni ndizo ukuta wenyewe: zimeshikana, na migongo yake inayotazama nje haikuachiwa madirisha. Ndani ni vichochoro vyembamba, vingi vimefunikwa kwa matao, na mgeni hupotea humo hata leo. Mapaa ni bapa na karibu yote yana kimo kimoja, hivyo adui akivunja lango watu waliweza kukimbia juu kwa juu, paa hadi paa, mpaka kwenye mnara wa katikati. Mnara ulishabomolewa, mahali pake pamesimama kanisa kubwa la karne ya 19.

Kilicholindwa kwa ngome hiyo ni utomvu wa mti. Mti wenyewe ni mfupi, umepindapinda, wa jamii moja na ule unaozaa pistachio, na utomvu wake huitwa mastiki. Watu wa Genoa, waliokitawala kisiwa kuanzia 1346 hadi 1566, waliihodhi biashara yake. Mwizi wa mastiki alikatwa masikio au pua, na aliyeiba nyingi alinyongwa.

Je, wajua jinsi inavyopatikana? Kila kiangazi, wakulima hufagia chini ya kila mti mpaka ardhi iwe safi kama sakafu, kisha hutandaza unga mweupe wa chokaa. Ndipo wanapougema: huchanja gome kwa kifaa chenye ncha, vidonda vidogo vidogo, siku baada ya siku. Wenyewe huita kazi hiyo kutarizi. Utomvu hutoka tone kwa tone, hudondoka juu ya ile chokaa na kukaa siku 15 hadi 20 mpaka ugande. Matone hayo huitwa machozi, na kwa kweli ukiyaona yanavyong'aa huwezi kuyatafutia jina jingine. Mti mmoja mara nyingi haufikishi hata robo kilo kwa mwaka. Halafu huja kazi ninayoiona kuwa nzito kuliko zote: kuchekecha, kuosha, kisha kukaa miezi ya baridi, hasa kina mama, wakikwangua uchafu kwenye kila chozi kwa kisu kidogo. Ujuzi huo uliingizwa mwaka 2014 katika orodha ya UNESCO ya urithi wa utamaduni usioshikika, na ulistahili.

Mti huu huota sehemu nyingi za Mediterania, lakini mastiki ya sokoni ni ya kusini mwa Chios, kwenye vijiji 24. Waturuki hukiita kisiwa kizima Sakız, yaani ulimbo wa kutafuna. Waarabu huitia kwenye aiskrimu, na Wamisri kwenye mchuzi wa kuku. Naye Christopher Columbus, mzaliwa wa Genoa, aliitaja katika barua yake ya 1493 akidai ameikuta ng'ambo ya Atlantiki. Alikosea.

Je, wajua kwamba katika kijiji jirani cha Pyrgi nyumba zimevaa kama kanga? Mafundi hupiga lipu yenye mchanga mweusi, huipaka chokaa juu yake, na kabla haijakauka huikwangua kwa uma: pembetatu, duara, nyota, mstari juu ya mstari, kutoka chini hadi kwenye roshani. Hata kanisa lina pambo hilo. Baada ya mavuno, roshani hizo hutundikwa mitungo ya nyanya ndogo nyekundu zilizowekwa kwa ajili ya majira ya baridi, na ukuta mweusi na mweupe hupata rangi yake ya tatu.

Agosti 2012 moto uliingia mashambani ukateketeza miti mingi ya mastiki. Hasara ya namna hiyo hailipwi kwa msimu mmoja. Wakulima wana chama chao cha ushirika, kilichoanzishwa mwaka 1938, ambacho hukusanya na kuuza mavuno yao. Mti nao una upole wake: hauhitaji mbegu, huoteshwa kwa kuchomeka kipande cha tawi ardhini, kama sisi tunavyopanda muhogo. Unaanza kugemwa ukifika miaka 5 au 6. Tawi lililochomekwa mwaka uliofuata moto ule limeshafikia umri wa kutoa machozi.