Istilahi za Kuchapa Picha: Neno "Saizi" na Mizigo Yake

Mjini Ifakara, kama katika miji mingi ya Tanzania, bado husikika mtu akisema kwamba anakwenda "kusafisha picha". Usemi huu ulizaliwa zama za filamu, wakati picha ilipotolewa kwa kuoshwa katika dawa ndani ya chumba cha giza. Siku hizi aghalabu picha hupigwa kwa simu, ikahamishiwa kwenye kompyuta na kuchapwa kwa printa, hakuna kinachooshwa. Hata hivyo usemi huo haudhuru, kwa kuwa msemaji na msikilizaji wanaelewana. Neno linalodhuru ni jingine, nalo ni "saizi".

Shabaha ya makala haya ni kuonyesha kwamba neno hilo, pamoja na mwenziwe "ukubwa", limebebeshwa dhana tatu zilizo mbalimbali. Asiyezitenganisha hawezi kuchapa picha kwa kipimo anachotakiwa, hata akiwa na kompyuta na printa nzuri nyumbani kwake.

Dhana ya kwanza ni wingi. Picha ya kidijitali imejengwa kwa miraba midogo sana, kila mmoja na rangi yake. Mraba huo huitwa pikseli. Wako wanaouita nukta, lakini yafaa neno "nukta" liachiwe printa, kwa maana ya tone la wino, maana rangi ya pikseli moja yaweza kuundwa kwa nukta nyingi za wino.

Dhana ya pili ni vipimo, yaani upana na urefu wa picha juu ya karatasi, kwa milimita au inchi. Dhana ya tatu ni uzito, yaani nafasi ambayo faili huchukua katika kompyuta, nao huhesabiwa kwa kilobaiti au megabaiti.

Wingi na vipimo huunganishwa na dhana inayostahili kuitwa msongamano. Mkulima wa mpunga katika bonde la Kilombero analijua jambo hili. Miche ile ile ikipandwa katika jaruba dogo husongamana. Ikitawanywa katika jaruba kubwa huachana. Tofauti ni kwamba pikseli haziachi nafasi wazi, bali kila moja hutanuka, na hapo ndipo uso wa mtu unapoonekana kama umefumwa kwa vigae.

Kwa kawaida picha nzuri huhitaji pikseli 300 katika kila inchi moja, ambayo ni milimita 25.4. Kwa hiyo picha ya milimita 35 kwa 45 huhitaji pikseli zipatazo 413 kwa 531. Picha hiyo hiyo ikikuzwa hata upana wake ujaze karatasi ya A4, yenye upana wa milimita 210, msongamano hushuka hadi pikseli 50 hivi kwa inchi. Printa haina kosa; miche imepungua kwa shamba lile.

Istilahi nyingine isiyoweza kuachwa ni uwiano, yaani upana ukilinganishwa na urefu. Simu nyingi hupiga picha kwa uwiano wa 4 kwa 3, ilhali karatasi ya picha ya inchi 6 kwa 4 ina uwiano wa 3 kwa 2. Ili kuijaza karatasi hiyo bila kuiharibu sura, hapana budi sehemu moja kati ya tisa ya picha ikatwe. Anayekwepa kukata huivuta picha upande mmoja, na uso ukapanuka. Basi yafaa "kukata" na "kuvuta" vitofautishwe daima katika mafunzo.

Anayechapa nyumbani na afuate utaratibu huu:

(a) Aikate picha kwa uwiano unaotakiwa.
(b) Aandike vipimo kwa milimita, kisha ahakikishe kwamba msongamano haukupungua mno.
(c) Katika programu ya kuchapa achague ukubwa halisi, yaani asilimia 100, wala si kuijaza karatasi.
(d) Achape kwanza kwenye karatasi ya kawaida, apime kwa rula, ndipo atumie karatasi ya picha.

Akitaka picha nyingi za milimita 35 kwa 45, karatasi ya inchi 6 kwa 4 huchukua nane, na hubaki nafasi ya kupitisha mkasi.

Hata jina "pasipoti saizi" halitoshi. Viza ya nchi za Schengen huomba milimita 35 kwa 45, na ya Marekani milimita 51 kwa 51. Tena, fomu ya mtandaoni inaposema picha "isizidi" kilobaiti kadhaa, inazungumzia uzito. Mwombaji aliyeambiwa tu "punguza saizi" huenda akapunguza wingi wa pikseli kupita kiasi, au akabadili vipimo vya karatasi, na picha yake ikakataliwa.

Gharama ya kosa hilo humwangukia mwananchi. Daraja la mto Kilombero lililofunguliwa mwaka 2018 limemwondolea mtu wa Malinyi adha ya kungoja kivuko anapokwenda Ifakara, lakini halikumwondolea nauli. Anayetoka Mlimba kwa treni ya TAZARA naye hulipa mara mbili akirudishwa kwa sababu ya picha.

Kwa mintarafu hiyo, watumishi wanaotunga fomu wanaombwa wasiandike "saizi" peke yake. Waandike vipimo kwa milimita, wingi kwa pikseli na uzito kwa kilobaiti, kila kimoja kwa jina lake. Wafasiri wa maelekezo ya kompyuta nao waulize kwanza ni dhana ipi inayokusudiwa kabla ya kuweka neno "ukubwa". Walimu wanaweza kulianza somo hili kwa rula na picha moja tu, kwani mwanafunzi aliyepima kwa mkono wake hatazichanganya tena dhana hizo tatu.