Rimu na matairi mapya kwa Subaru: namba za kusoma kabla ya kulipa

Mjini Kampala, kama ilivyo Nairobi, gari aina ya Subaru Impreza WRX hutambulika kwa sauti yake kabla halijaonekana. Sifa hiyo ina historia. Colin McRae alishinda mashindano ya Safari Rally nchini Kenya mwaka 1997 akiendesha Impreza, na Richard Burns akafanya hivyo tena mwaka 2000. Leo magari ya jina hilo yaliyokwisha kutumika Japani huteremshwa bandarini Mombasa na kusambaa katika ukanda mzima wa maziwa makuu.

Kwa vijana wengi wanaoyanunua, badiliko la kwanza ni rimu na matairi. Mtu huona rimu za inchi 18 zinazong'aa, hukubaliana bei na muuzaji, na fundi huzifunga jioni hiyohiyo. Hata hivyo, gurudumu si pambo. Ni sehemu ya breki, ya usukani na, kwa Subaru, ya mfumo mzima unaosukuma magurudumu yote manne. Kosa la milimita chache laweza kumgharimu mwenye gari giaboksi, au kumgharimu maisha katika barabara yenye mvua.

Namba nne za rimu

Namba ya kwanza ni idadi ya bolti na kipenyo cha duara linalopita katikati ya bolti hizo. Impreza WRX nyingi zilizotengenezwa kati ya mwaka 2000 na 2007 zina bolti tano katika duara la milimita 100, jambo linaloandikwa 5x100. WRX STI za mfano wa mwaka 2005 na baada yake ni 5x114.3. Magari hayo mawili yaweza kufanana machoni, lakini rimu ya moja haiingii katika jingine. Asiyejua gari lake liko kundi gani na apime kwanza, asikisie.

Namba ya pili ni tundu la katikati. Kitovu cha Subaru hizo kina kipenyo cha milimita 56.1. Hapa ndipo wanunuzi wengi hunaswa. Toyota Caldina na Toyota Wish, magari yaliyojaa katika barabara zetu, nyingi zake pia zina bolti za 5x100, hivyo rimu zake huonekana kufaa. Lakini tundu lake ni milimita 54.1, dogo kuliko kitovu cha Subaru, na rimu haiwezi kukaa mpaka ichongwe. Tundu likiwa kubwa kupita kiasi, rimu huingia bila shida ila haikai katikati barabara, na usukani hutetemeka gari likishika kasi. Dawa yake ni pete maalumu ya kuziba nafasi hiyo, ambayo hugharimu fedha kidogo.

Namba ya tatu ni upana wa rimu, unaopimwa kwa inchi. Ya nne, inayosahauliwa mara nyingi, ni ile inayotanguliwa na herufi ET. Hiyo hueleza umbali kati ya mstari wa katikati wa rimu na uso unaogusa kitovu. ET ikiwa kubwa, gurudumu huingia ndani zaidi; ikiwa ndogo, hutokeza nje.

Tuchukue mfano. STI ya mwaka 2004 hutoka kiwandani na rimu ya inchi 17 yenye upana wa inchi 7.5 na ET53. Mwenye gari akinunua rimu yenye upana wa inchi 8.5 na ET35, ukingo wa nje utasogea takriban milimita 31 kuelekea nje. Milimita 18 zatokana na tofauti ya ET, na karibu 13 zatokana na upana. Kwa macho, gari litaonekana limesimama imara. Kwa vitendo, tairi litakwaruza madigadi abiria watatu wakiketi nyuma, beringi za magurudumu zitabeba mzigo zisizouzoea, na usukani utavuta kila gurudumu moja linapopita shimoni.

Kipenyo kisibadilike

Maandishi ya ubavuni mwa tairi, kwa mfano 225/45R17, yana maana rahisi. Tairi lina upana wa milimita 225, ubavu wake una kimo cha asilimia 45 ya upana huo, na linavalishwa rimu ya inchi 17. Inchi moja ni milimita 25.4, hivyo mtu yeyote mwenye kikokotoo cha simu aweza kupata kipenyo kamili cha tairi hilo: milimita 634.

Kanuni inayofuatwa na mafundi makini ni kwamba rimu ikikua, ubavu wa tairi upungue ili kipenyo kibaki karibu palepale. Tairi la 225/40R18 lina kipenyo cha milimita 637, tofauti isiyofika asilimia moja, na hilo linakubalika. Lakini tairi la 225/55R17, ambalo muuzaji aweza kulisifu kuwa linainua gari, lina milimita 679. Hiyo ni zaidi ya asilimia saba. Spidomita ikionyesha kilomita 100 kwa saa, gari kwa kweli linakimbia 107. Injini huwa nzito kuondoka, breki hufanya kazi kubwa zaidi, na tairi laweza kugusa chuma kila usukani unapokatwa.

Kuna jambo jingine ambalo picha za magari ya mashindano hazilisemi. Tairi la 225/40R18 lina ubavu wa milimita 90 tu, ilhali lile la 205/55R16 lina karibu milimita 113, na vipenyo vyao vinakaribiana sana. Katika barabara laini, ubavu mfupi hufanya gari liitikie usukani upesi. Katika barabara yenye mashimo na matuta yasiyo na alama, ubavu huo ndio mto pekee uliopo kati ya rimu na jiwe. Ukiwa mfupi, rimu hupinda au kupasuka, na tairi huvimba ubavuni. Kwa mtu anayesafiri mara kwa mara nje ya jiji, kushuka kutoka inchi 17 hadi 16 kwaweza kuwa uamuzi wa busara kuliko kupanda hadi 18, mradi breki za gari ziruhusu. STI zenye kalipa kubwa za Brembo huhitaji rimu za inchi 17 au zaidi.

Sharti la Subaru: manne yafanane

Katika magari mengi, kubadilisha matairi mawili na kuyaacha mengine mawili ni jambo la kawaida. Kwa Subaru yenye mfumo wa kusukuma magurudumu yote manne, si hivyo. Nguvu ya injini hugawanywa kati ya mbele na nyuma na difrensha ya katikati au, katika nyingi za giaboksi ya otomatiki, na klachi maalumu. Vifaa hivyo vimeundwa kuvumilia tofauti ndogo ya mzunguko gari linapokata kona, si tofauti ya kudumu.

Matairi ya mbele yakiwa mapya na ya nyuma yakiwa yamelika, yale ya nyuma huwa na kipenyo kidogo na hulazimika kuzunguka mara nyingi zaidi katika kila kilomita. Mfumo hupigana na tofauti hiyo safari nzima, hupata joto, na mwishowe huharibika. Kipimo kinachotumiwa na mafundi wengi wa Subaru ni kwamba mizunguko ya matairi manne isitofautiane kwa zaidi ya milimita sita hivi. Kwa lugha ya kashata, yaani vile vinundu vya mpira vinavyoshika barabara, hiyo ni kama milimita moja ya ulikaji.

Ndiyo maana matairi hununuliwa manne kwa pamoja, ya kampuni moja, aina moja na saizi moja, na kubadilishana nafasi mara kwa mara ili yalike sawasawa. Tairi dogo la spea nalo ni la kufikia gereji tu. Katika Subaru nyingi za zamani zenye giaboksi ya otomatiki, kuna mahali pa kuchomeka fyuzi iliyoandikwa FWD wakati spea hiyo inapotumika, ili magurudumu ya nyuma yasisukumwe.

Umri, mzigo na kasi

Baada ya saizi, tairi huandikwa namba na herufi kama 91W. Namba 91 humaanisha kwamba tairi moja hubeba kilo 615, na 94 humaanisha kilo 670. Herufi ni ya kasi: H ni kilomita 210 kwa saa, V ni 240 na W ni 270. Tairi jipya lisiwe na uwezo mdogo kuliko ule ulioainishwa na mtengenezaji wa gari, hata kama bei yake inavutia.

Umri husomwa katika tarakimu nne za mwisho baada ya herufi DOT. Tarakimu 2319 humaanisha juma la 23 la mwaka 2019. Mpira huzeeka hata ukiwa dukani. Kampuni kubwa za matairi hushauri tairi lisitumike likipita miaka 10, na likaguliwe kila mwaka baada ya miaka mitano.

Tahadhari hiyo ni kubwa zaidi kwa matairi yaliyokwisha kutumika. Baadhi hutoka Japani yakiwa yametengenezwa kwa ajili ya theluji, yenye mpira laini na michirizi mingi midogo. Mengine hubeba alama ya mlima wenye chembe ya theluji. Katika lami yenye joto, mpira huo hulika haraka na hulegea katika kona. Mnunuzi asiridhike na kashata nene. Atazame pia upande wa ndani, atafute viraka, nyufa na uvimbe.

Rimu nazo zikaguliwe hivyohivyo. Zilizotengenezwa Japani kwa kawaida huwa na alama ya JWL, inayoonyesha kwamba zimekidhi kiwango cha nchi hiyo cha rimu za aloi. Rimu iliyopasuka na kuchomelewa yafaa ikataliwe, hata ikiwa imepakwa rangi vizuri.

Siku ya kufunga

Nati za Subaru zina uzi wa M12x1.25, wakati za Toyota ni M12x1.5. Nati ya Toyota ikilazimishwa kwa spana, huharibu uzi wa bolti, na gurudumu laweza kung'oka njiani. Nati zikazwe kwa spana yenye kipimo, kwa mpangilio wa nyota, kisha zikaguliwe tena baada ya kilomita 50 hadi 100. Upepo ujazwe matairi yakiwa baridi, kwa kiwango kilichobandikwa kwenye nguzo ya mlango wa dereva. Magurudumu yasawazishwe, na mwelekeo wake upimwe kwa mashine.

Kwa mwenye fedha za kitu kimoja tu, uamuzi si mgumu. Rimu za zamani zilizonyooka zikivalishwa matairi mapya manne hulifanya gari lisimame upesi katika mvua. Rimu mpya zenye matairi kipara hulifanya lipendeze likiwa limeegeshwa.