Nairobi Mezani: Kula Pahali Popote, Lipa Pesa Ifike

Mkenya akikwambia "twende hoteli", hakuna anayefikiria kitanda. Hoteli kwetu ni pahali pa chakula, kuanzia kibanda cha mabati chenye benchi mbili hadi mkahawa wa ghorofani wenye vitambaa mezani. Nairobi ina hoteli za kila aina kwa sababu ni mji wa wageni. Reli iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka wa 1896 ilifika hapa mwaka wa 1899, na pamoja nayo wakaja Wahindi ambao wengine wao hawakurudi kwao. Wasomali, Waethiopia na Wachina nao wamekuja, na Wakenya wa kila kaunti, na kila mmoja amekuja na sufuria yake.

Njia ya kulipa pia imebadilika. M-PESA ilipoanza mwaka wa 2007 wengi wetu tuliitumia kutuma pesa nyumbani. Mwaka wa 2013 huduma ya kulipia bidhaa kwa nambari ya Till ikaingia madukani na hotelini, na leo hata muuza smokie na mayai ana nambari imebandikwa kwenye toroli lake.

Lakini nambari zote si sawa, na malipo yakipotea njiani, kwa kawaida anayeumia si mwenye jumba. Ni mama wa kibanda au weita. Kwa hivyo twende tukazunguke mji, tukiangalia cha kula na jinsi ya kulipa ili pesa imfikie mwenye jasho lake.

Kibandani: chapo, madondo na meseji feki

Saa saba mchana, karibu na kila mjengo unaoendelea Nairobi, utakuta kibanda. Menyu haijaandikwa popote. Unauliza tu: "Mathe, leo kuna nini?" Kuna madondo, ndengu, githeri, matumbo, sukuma, na chapo zimefunikwa ndani ya bakuli. Unakula haraka, unampisha mwingine.

Hapa utakutana na nambari za aina tatu. Ya kwanza ni Till ya Buy Goods. Ukilipa kwa Till hukatwi ada yoyote, na ada ikiwepo ni ya mwenye biashara. Ya pili ni Pochi la Biashara, ambayo hutumia laini ya kawaida ya muuzaji lakini hutenga pesa za biashara na zake binafsi. Hii wewe unayelipa unakatwa ada kama ile ya kutuma pesa. Ya tatu ni nambari yake ya simu tu, na hapo pia ada ya kutuma ni yako. Tofauti ni shilingi chache, lakini mtu anayekula kibandani kila siku ya kazi ataziona mwisho wa mwezi.

Jambo kubwa zaidi ni meseji feki. Mtu anakula, anaonyesha simu yake ina meseji ya kulipa, anaondoka. Jioni mama akihesabu, hiyo pesa haipo. Tuseme sahani inauzwa shilingi 120, na 90 kati ya hizo ni unga, mafuta, maharagwe na makaa. Faida yake ni 30. Meseji moja ya uongo inamla faida ya sahani hiyo na mtaji wake pia, na itabidi auze sahani tatu zaidi ndipo arudishe ule mtaji pekee. Wakija wawili wa aina hiyo kwa siku moja, kesho anapunguza unga.

Kama wewe ni muuzaji, usisome meseji kwenye simu ya mteja. Soma yako, au angalia salio. Na kama wewe ni mteja na mama anakwambia "ngoja niione kwangu", usikasirike. Hajakuita mwizi. Analinda unga wa kesho.

Kariokor: nyama moja, mifuko miwili

Jina Kariokor limetoka kwa Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa Kiafrika waliobebeshwa mizigo ya jeshi la Waingereza katika Vita vya Kwanza vya Dunia. Leo watu wengi wanalijua kwa sababu ya soko lake na nyama choma. Unachagua kipande chako cha mbuzi, kinapimwa kilo, kinaingia kwenye moto, unangoja. Nyama ikiiva inakatwakatwa juu ya ubao, na chumvi na kachumbari vinawekwa kando.

Kwa hoteli za nyama, uliza mapema nani analipwa nini. Mara nyingi bucha ana hesabu yake na anayesonga ugali, kupika mboga na kuuza soda ana yake. Ukituma pesa zote kwa mmoja, mnaingia katika mjadala wa nani amrudishie nani, na kila kutuma kuna ada yake. Ni afadhali ulipe mara mbili kwa watu wawili sahihi.

Pia ulizia bei ya kilo kabla nyama haijakatwa, na usimame karibu na mizani. Nyama hupungua uzito motoni. Unalipia kilo iliyopimwa mbichi, hailipiwi ile iliyofika mezani. Wageni wengi hufikiri wameibiwa hapo, kumbe ni moto umefanya kazi yake.

Eastleigh: mchele, ndizi na nyama ya ngamia

Kutoka Kariokor kwenda Eastleigh si mbali. Hoteli za Kisomali pale zina sahani kubwa, na mtu mmoja akishindwa kumaliza si ajabu. Kuna wali wenye viungo, nyama ya mbuzi au ya ngamia, na baasto, yaani pasta, ambayo iliingia katika chakula cha Wasomali wakati Waitaliano walipotawala kusini mwa nchi yao. Pembeni unaletewa ndizi mbivu. Usiiweke iwe ya mwisho! Inakatwa na kuliwa pamoja na wali, tonge moja la wali na kipande cha ndizi. Asubuhi kuna anjera na chai ya maziwa yenye iliki, na pahali pengine maziwa ni ya ngamia.

Ijumaa wakati wa swala ya adhuhuri huduma husimama kwa muda, na mchana wa Ramadhani hoteli nyingi hufungwa hadi jioni. Panga safari yako ukijua hivyo.

Huku msongamano ni mkubwa, na kwenye kaunta kunaweza kuwa na nambari kadhaa zimebandikwa ukutani: ya hoteli, ya duka la jirani, na ya zamani ambayo haitumiki tena. Usichague tu ile yenye maandishi makubwa. Uliza kaunta ni ipi, ingiza nambari, kisha soma jina linalotokea. Biashara nyingi zimesajiliwa kwa jina la mwenyewe au la kampuni, kwa hivyo jina la Till laweza kuwa tofauti na la kwenye bango nje. Ukiliona jina usilolijua, msomee mtu wa kaunta kabla ya kuendelea. Ni sekunde tano tu.

Parklands: meza moja, jikoni nyingi

Diamond Plaza ikiwa mara yako ya kwanza, utashtuka kidogo. Kabla hujakalia kiti, weita watatu wanne wamekuzunguka, kila mmoja na menyu ya jikoni yake. Tulia, chukua menyu zote, soma. Kuna kuku tikka, bhajia, masala chips, naan, juisi ya miwa na paan ya kutafuna baadaye. Kuna pia mogo, vipande vya muhogo vya kukaanga vyenye pilipili na ndimu. Jina lenyewe ni "muhogo" wetu, limepita katika midomo ya Wahindi wa Afrika Mashariki na kurudi likiwa fupi.

Uzuri wa pahali kama hapa ni kwamba meza moja inaweza kula kutoka jikoni tatu. Ugumu ni kwamba utaletewa bili tatu, na kila moja ina nambari yake. Ukilipa bili ya tikka kwa Till ya juisi, mwenye tikka bado anakudai. Lipa bili moja, mwonyeshe weita wake, akikubali uende kwa nyingine. Usilipe zote kwa mpigo huku mnaongea.

Kilimani na Hurlingham: sinia la watu wote

Hoteli za Kiethiopia hazina haraka. Injera hutengenezwa kwa unga wa teff uliochachushwa kwa siku kadhaa, ndiyo maana ina uchachu na vitundu vidogo vinavyonyonya mchuzi. Inatandazwa juu ya sinia, na juu yake mchuzi wa kuku, dengu na mboga. Kila mtu anakata kwa mkono wa kulia upande wake. Rafiki akikutengenezea tonge na kukulisha mdomoni, hiyo ni gursha, ishara ya upendo, ipokee. Kwa asiyekula nyama, ulizia beyaynetu, sinia la mboga tupu. Waumini wa Kanisa la Othodoksi la Ethiopia hufunga Jumatano na Ijumaa, bila nyama wala maziwa, kwa hivyo mapishi hayo wanayaweza sana.

Ukiagiza kahawa, buni zinakaangwa karibu nawe, moshi unapitishwa uunuse, na kwa desturi humiminwa raundi tatu. Usiitishe bili raundi ya kwanza.

Bili ikifika: soma, kisha mgawane

Katika mikahawa mikubwa bili huwa na kodi ndani: VAT ya asilimia 16, na asilimia 2 ya ushuru wa utalii, ambayo kwenye risiti nyingi bado inaandikwa CTL. Mara nyingi bei ya menyu imeshajumuisha zote mbili. Chakula cha shilingi 1,180 ni 1,000 ya chakula, 160 ya VAT na 20 ya CTL. Hesabu hiyo ikiandikwa chini ya risiti, ni maelezo tu, haujaongezewa. Lakini kama jumla imezidi bei ulizoziona kwenye menyu, uliza. Pengine kuna ada ya huduma, na kama umeshalipishwa hiyo, bakshishi ni hiari yako kabisa.

Sasa tuseme mko sita, bili ni 7,080, kila mtu 1,180. Mmoja akilipia wote kisha watano wamtumie, kutakuwa na ada tano za kutuma, na mmoja atasema "nitakutumia kesho". Kila mtu akilipa kwa Till, hakuna anayekatwa ada. Ila hapo ndipo shida ya pili huzaliwa. Watano wanalipa, wa sita anasema amelipa, kumbe muamala haukupita, na wote wameondoka.

Nani analipa ile 1,180? Katika hoteli nyingi ni weita. Hukatwa kwenye mshahara wake, na kwa wengi hiyo ni zaidi ya anachopata kwa siku nzima ya kusimama. Kwa hivyo mtu mmoja wenu awe mhasibu. Meseji zikiingia, aandike nambari za muamala sita pamoja na weita, wahesabu hadi 7,080, ndipo muinuke.

Na weita akikwambia "tuma tu kwa nambari yangu, nitawalipa mimi", kataa kwa heshima. Pengine ni mtu mzuri na Till imegoma kweli. Lakini bili ikibaki wazi kwenye mashine, hoteli itakudai wewe au yeye, na wewe huna risiti ya kuonyesha. Lipia chakula kwa nambari ya hoteli. Bakshishi ndiyo umtumie yeye mwenyewe, ikiwa umefurahia.

Kabla hujaweka PIN

- Uliza nambari kwa mtu wa kaunta, hata kama imebandikwa ukutani.
- Soma jina na kiasi. 1,180 na 11,800 zinatofautiana kwa sifuri moja.
- Simu ikikwama baada ya PIN, usirudie mara moja. Angalia salio au meseji kwanza, usije ukalipa mara mbili.
- Ukituma kwa nambari isiyo sahihi, anza kuirudisha papo hapo. Kwa M-PESA, tuma meseji yote ya muamala kwa 456. Pesa ikishatumika, kuirudisha ni vigumu.
- Usimpe mtu yeyote simu yako "akusaidie kulipa", na PIN usiitaje kwa sauti.
- Hifadhi meseji hadi utoke mlangoni. Ni risiti yako.

Wikendi hii, chagua mtaa mmoja ambao hujawahi kula. Kama wewe ni wa nyama choma kila Jumapili, jaribu sinia la injera. Kama umezoea maduka makubwa, tafuta kibanda chenye foleni, maana foleni haidanganyi. Kula vizuri, na ukishalipa, ngoja hadi simu ya upande wa pili ilie pia.